Siku moja Ndola, na watoto watatu

Kutoka Lubumbashi hadi Lusaka ni zaidi ya kilometa 500. Mtu mzima mwenye gari zima na karatasi zilizokamilika huweza kuzimaliza kwa siku moja, akiondoka alfajiri na kufika usiku. Familia nyingi za hapa kwetu hufanya hivyo hata zikiwa na watoto, kwa hesabu rahisi: kulala njiani ni kulipa chumba, na fedha za chumba zingenunua kitu kule mbele. Katika makala haya ninaeleza kwa nini sisi tuliigawa safari hiyo na kusimama siku nzima katika mji wa Ndola, na jinsi siku ya namna hiyo inavyoweza kupangwa ukiwa na watoto wadogo. Kwa kuwa ninawaandikia wanafunzi wa lugha, nitakaa zaidi pale lugha ilipoingia, na iliingia karibu kila mahali.

Tulikuwa watu sita garini: yaya wangu, shemeji yake aliyeshika usukani, mimi, na watoto watatu wa yaya. Msichana ana miaka 7, mvulana miaka 4, na wa mwisho alikuwa na miezi 20. Baba yao anafanya kazi Lusaka, na walikuwa hawajamwona kwa miezi kumi na moja. Yule wa mwisho alimjua baba yake kama sauti inayotoka ndani ya simu. Hapo ndipo palipokuwa na uzito wa jambo lenyewe. Yaya hakutaka watoto wafike saa nne za usiku wamechafuka, wanalia, na mdogo amkatae baba yake mlangoni mbele ya majirani. Alisema saa ile ya kwanza ya kuonana ina bei kuliko chumba cha siku mbili. Shemeji aliguna kidogo, kisha akakubali, kwa sababu yeye pia hapendi kuendesha usiku kati ya malori ya shaba.

Hesabu ya njia hii huharibiwa na Kasumbalesa. Kutoka Lubumbashi mpaka hapo ni karibu kilometa mia moja, lakini mpaka wenyewe haupimwi kwa kilometa. Malori yanayopeleka shaba na kobalti kusini na yale yanayoleta unga, saruji na mashine hupanga foleni ndefu sana. Gari dogo hupita pembeni, ila karatasi zake hazina njia ya pembeni: uhamiaji, afya na duane upande wetu, kisha yaleyale upande wa Zambia, pamoja na bima na kodi za gari. Sisi tuliondoka nyumbani saa kumi alfajiri, watoto wakiwa bado wamelala, tukatoka mpakani saa nne. Ukiwa na watoto, kazi mpakani igawanywe kabla ya kushuka garini. Mtu mmoja ashike mfuko wa karatasi zote na asishike mtoto yeyote. Mwingine akae kivulini na watoto, na maji, na kitu cha kutafuna. Wa tatu asitoke kwenye gari. Mfukoni mwetu mlikuwa na paspoti ya kila mmoja, hati za kuzaliwa za watoto, kadi za chanjo ya homa ya manjano, na barua ya idhini ya baba iliyogongwa muhuri, kwa kuwa watoto walisafiri na mzazi mmoja. Barua hiyo ndiyo waliyoiomba kwanza. Mzazi anayedhani sura ya mtoto inayofanana na yake inatosha atasimama pale muda mrefu.

Mambo mawili ni mepesi. Saa ya Lubumbashi na saa ya Zambia ni ileile, kwa hiyo usingizi wa watoto haubadiliki. Na gari letu, kama magari mengi ya Lubumbashi, lina usukani kulia. Upande wa Zambia, ambako magari hupita kushoto, shemeji aliona mbele vizuri kuliko anavyoona nyumbani.

Baada ya mpaka kuna Chililabombwe, Chingola, Kitwe, kisha Ndola. Tulifika saa nane mchana. Mtu angeweza kusema: basi laleni usiku mmoja, mwondoke asubuhi. Mimi na yaya tulibishana juu ya hilo kabla ya safari, na ninaona yeye ndiye aliyekuwa na hoja nzuri zaidi. Usiku mmoja peke yake hauwapumzishi watoto wadogo. Unawatoa ndani ya gari na kuwaweka kitandani, kisha unawatoa kitandani na kuwarudisha ndani ya gari. Hawajakimbia, hawajachafuka kwa udongo, tumbo halijarudi kwenye saa zake. Siku moja nzima katikati huwapa asubuhi moja, usingizi mmoja wa mchana na jioni moja, yaani mzunguko mzima. Nitasema mapema matokeo yake, ili msomaji asiyangoje: siku ya tatu tulifika Lusaka mchana, watoto wameoga na kushiba. Yule mdogo alimtazama baba yake kwa muda mrefu kutoka mgongoni mwa mama, hakulia, kisha akamnyooshea kipande cha ndizi alichokuwa amekitafuna nusu. Baba alikila.

Kwa nini Ndola, na si Kitwe au Kapiri Mposhi? Kitwe ni kubwa na ina pilikapilika nyingi. Kapiri ni njia panda ya malori. Ndola ina barabara pana zenye miti, iko mahali ambapo mpaka umeshaachwa nyuma, na kutoka hapo hadi Lusaka zinabaki kama kilometa 320, ambazo mtoto anaweza kuzivumilia. Tena mji huu na wetu vimefungwa pamoja tangu mwanzo. Reli iliyotoka kusini ilifika Ndola mwaka 1909, ikavuka kwenda Sakania, na mwaka uliofuata ikaingia Élisabethville, mji uliokuwa ndio kwanza unakatwa viwanja. Hata mto ni jina moja. Ndola iko kando ya mto Kafubu, na sisi hapa tuna Kafubu yetu. Ni mito miwili tofauti: wa kwao unaingia Kafue, wa kwetu unakwenda Luapula. Lakini Walamba wako pande zote mbili za mpaka, na walioita mito hiyo hawakuwa na mpaka wa kuwazuia kutumia jina lilelile. Mvulana aliposikia tumefika Kafubu, aliuliza kama tumerudi nyumbani.

Sasa mpango wa siku. Kanuni tuliyoifuata ni fupi: jambo moja kabla ya saa sita, jambo moja baada ya saa tisa, na katikati usingizi ambao haujadiliwi. Jambo la tatu lisiwepo hata kama liko karibu. Ndola ina Makumbusho ya Copperbelt, yenye madini na vitu vya kale vya watu wa nchi ile, na ningependa kuyaona. Kwa mtoto wa miaka 7 yanafaa. Kwa wa miaka 4 aliyekulia Lubumbashi, ambako malakiti inauzwa kando ya barabara kama nyanya, jiwe la kijani nyuma ya kioo si kitu cha kumsimamisha. Tuliyaacha. Majumba makubwa ya biashara nayo tuliyaacha, isipokuwa kwa vyoo vyake, ambavyo ni safi.

Asubuhi tulikwenda kwenye mti. Wenyeji huuita Mupapa, na kwa Kiingereza umepewa jina la Mti wa Watumwa. Uko ndani ya mji, umehifadhiwa kama kumbukumbu ya taifa, na kibao kinaeleza kwamba wafanyabiashara Waswahili walikutana chini yake zamani za biashara ya watumwa, kabla utawala wa Waingereza haujaikomesha mwanzoni mwa karne ya 20. Mti wenyewe ni wa aina ambayo wataalamu wa mimea huiita Afzelia quanzensis. Sisi Katanga pia tunauita mupapa. Tanzania wengine huuita mkongo, na wengine mbambakofi. Mbegu zake ni nyeusi zenye kofia nyekundu, nzuri mno, na watoto wengi wa misitu yetu ya miombo wamezichezea. Mahali pa namna hii panamfaa mtoto mdogo kwa sababu hapana foleni wala kioo, na hakuna anayemwambia anyamaze. Mdogo alikaa chini akashughulika na majani makavu. Mvulana alizunguka zunguka.

Msichana, ambaye amejifunza kusoma kwa Kifaransa, alianza kuchambua maneno ya kibao ambacho hakielewi, akakutana na neno moja analolijua.

"Mama mudogo, hapa baliandika Swahili. Ni shiye?"

Ninasoma lugha kwa mwaka wa tatu sasa, na swali hilo halijawahi kuulizwa darasani kwa ufupi kiasi hicho. Neno moja, "Swahili", hubeba angalau vitu vitatu kwetu. Kwanza ni watu wa pwani, wa Lamu, Mombasa, Zanzibar na Kilwa, wenye historia yao. Pili ni jina walilopewa watu wa misafara waliokuja bara kutafuta pembe na watu, ambao wengi wao hawakuzaliwa pwani. Miongoni mwao ni Chiwala na wafuasi wake, waliojenga boma katika nchi ya Walamba karibu na Ndola, na jina lake bado ni jina la uchifu huko. Tatu ni sisi. Mtu wa Lubumbashi, Bukavu au Kisangani akifika Kinshasa anaitwa Muswahili, hata kama baba yake ni Muluba na mama yake Mulamba, kwa sababu tu ya lugha iliyo mdomoni mwake.

Nilimjibu kwamba hapana, wale walitoka mbali, walisema lugha inayofanana na yetu, na kwamba pengine wakubwa wetu wa zamani walikuwa upande wa waliofungwa kamba. Sikutaka kumficha neno "watumwa". Ana miaka 7 na anajua maana ya mtu kuchukuliwa kwao. Lakini sikumweleza minyororo wala njia. Mtoto akiuliza, anajibiwa kile alichouliza, halafu anaachwa apumue.

Alipumua, kisha akauliza: "Sasa juu ya nini tunasemaka luga yabo?"

Hapo ndipo jibu linapokuwa refu, na wenzangu wa fakulte wanajua sehemu zake. Misafara ya Tippu Tip ilileta Kiswahili Maniema na kwenye Lualaba. Huku kusini, Msiri, aliyetoka nchi ya Wanyamwezi, alijenga mji wake Bunkeya, na watu wake walifanya biashara na watu wa mashariki. Lakini Kiswahili cha Lubumbashi kama tunavyokisema hakikutoka moja kwa moja kwenye misafara hiyo. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, alionyesha jinsi kampuni, serikali na wamisioni walivyokichagua na kukisukuma. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilitegemea mwanzoni wafanyakazi wengi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Wabelgiji hawakupenda uzito wa Kiingereza na wa kusini katika machimbo yao. Katika miaka ya 1920 kampuni iligeukia Kasai, Maniema na Ruanda-Urundi kutafuta watu, na katika kambi ambamo kila mmoja alikuja na lugha yake, Kiswahili kikawa cha wote. Msichana nilimpa toleo lake: watu walikuja kufanya kazi kutoka sehemu nyingi, hawakusikilizana, wakachukua lugha moja wakaitengeneza iwe yao.

"Na nkambo alikuwa anasema gani?"

Nkambo wetu, mama ya mama yetu, alisema Kilamba. Mimi ninajua maneno yasiyozidi ishirini ya lugha hiyo, mengi ni ya chakula na ya kukemea kuku. Nilimwambia yote niliyoyajua, pale chini ya mti, na haikuchukua dakika tatu. Yaya alikuwa amegeuka anamfunga mdogo mgongoni. Alitaja mawili niliyokuwa nimeyasahau.

Saa tano na nusu tulirudi. Chakula cha mchana kilikuwa bukari na kuku. Wazambia wengi husema nshima, lakini mama mwenye nyumba ya wageni, anayesema Kibemba, alisema "ubwali", na mvulana akalisikia: bukari, ubwali. Mchana watoto wakalala, na sisi pia. Kuhusu chumba chenyewe nitasema machache. Tafuta nyumba yenye ua uliozungushiwa ukuta na jiko unaloruhusiwa kulitumia. Bwawa la kuogelea lisikuvute ukiwa na mtoto wa miezi 20, maana utakuwa mlinzi wake kutwa. Chandarua kiwepo, au uje nacho. Maji ya kunywa yachemshwe. Beba kipimajoto, dawa ya homa ya watoto yenye kipimo chake, na pakiti za chumvi na sukari za kuharisha, kwa sababu saa mbili za usiku katika mji usioujua si wakati wa kuuliza duka la dawa liko wapi.

Mdogo alipoamka alikuwa na joto kidogo, la meno. Mama mwenye nyumba alituuliza kama amepewa "umuti". Mvulana alimwonyesha mwembe uliokuwa uani. Alikuwa sahihi kwa nusu. Kwa Kibemba neno hilo ni mti na ni dawa pia. Kwetu muti ni mti, na dawa tumeichukua kutoka mashariki. Mama yule alicheka, akamshika mkono, na kuanzia hapo hawakuachana.

Ni lazima nieleze jambo moja juu ya mvulana huyu. Shule yake ya watoto wadogo, ambayo siitaji, iliwaambia wazazi wazungumze Kifaransa tu nyumbani ili mtoto "asichelewe". Kwa karibu nusu mwaka alikuwa anamjibu mama yake kwa Kifaransa hata akiulizwa kwa Kiswahili, na kwa nkambo wa upande wa baba alikuwa ananyamaza kabisa. Ndola, Kifaransa hakikumpatia hata kikombe cha maji. Alikijaribu kwa mama mwenye nyumba mara mbili. Mara ya tatu akasema "mayi", na mama akasema "amenshi", na maji yakaja.

Waliokaa na Kibemba wanajua jinsi kilivyo karibu na Kiswahili cha Lubumbashi, mara nyingine karibu kuliko Kiswahili sanifu cha vitabu vyetu. Sanifu kinasema watu wawili, watu watatu. Kibemba kinasema abantu babili, abantu batatu. Na sisi tunasema bantu babili, bantu batatu. Kiambishi ba-, ambacho mwalimu hukipigia mstari mwekundu katika insha zetu, si uvivu wa ulimi wa mtu wa mjini. Ni cha Kibantu, na majirani zetu wengi wanacho. Mama na mvulana walihesabu wanasesere wa kijiti: babili, batatu, bane. Kwenye tano wakaachana kidogo, basano na batano. Kwenye sita wakapotezana kabisa, kwa sababu sita, saba na tisa za Kiswahili zimetoka katika Kiarabu, na Kibemba kina mutanda yake. Mvulana alikasirika. Alidhani mama anamdanganya.

Kitu kingine kilichomsumbua ni heshima. Mfanyakazi wa nyumba alimwita mama yule "bamayo". Mvulana alitazama huku na huku: "Bamama bengine beko wapi?" Kibemba humpa mtu mmoja wingi ili kumheshimu, na hata salamu ya asubuhi, mwashibukeni, huelekezwa kwa mtu mmoja kana kwamba ni wengi. Nilijaribu kumweleza. Yaya alifanya vizuri zaidi: alimwambia mama huyu ni mkubwa, anajaza nafasi ya watu wawili. Alikubali, maana hata kwa macho ilikuwa kweli.

Na fedha. Noti za Zambia zinaitwa kwacha, neno la huko lenye maana kwamba kumekucha. Ni kitenzi kilekile cha Kiswahili, kucha, kimefanywa jina la fedha. Msichana alikipenda sana kisa hicho, akawa kila tunapolipa anasema tumetoa asubuhi kumi, asubuhi ishirini.

Jambo la alasiri lilikuwa mahali alipoanguka Dag Hammarskjöld. Ni kama kilometa kumi kutoka mjini, ukiiacha barabara ya Kitwe na kuingia njia ya vumbi. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, ndege iliyomleta Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuonana na Moïse Tshombe hapo Ndola ilianguka msituni. Watu 16 walikuwa ndani. Mmoja aliokotwa hai na akafa baada ya siku chache. Sababu ya kuanguka inachunguzwa mpaka leo. Kuanzia mwaka 2015 kazi hiyo Umoja wa Mataifa uliikabidhi kwa Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Pale pana jumba dogo la makumbusho, rundo la mawe la ukumbusho, na eneo la wazi lenye miti.

Mtu anaweza kushangaa kwa nini kuwapeleka watoto wadogo mahali pa kifo. Kwao palikuwa uwanja wa kukimbia, wenye kivuli na bila magari, na uwanja mpya wa ndege wa Ndola, uliofunguliwa mwaka 2021, uko upande uleule, kwa hiyo walitazama angani kwa matumaini. Kwa sisi wakubwa palikuwa pa kwetu. Siku ile Hammarskjöld alipokuwa anakuja, Élisabethville ilikuwa na mapigano tangu tarehe 13. Nkambo alikuwa na miaka kumi. Alitusimulia mara nyingi jinsi walivyolala chini ya kitanda, sufuria ya maharagwe ikiwa kati yao, na jinsi mama yake alivyokataa kuiacha ikipoa. Katika hadithi yake hamkuwa na Tshombe wala Umoja wa Mataifa. Nilisimama mbele ya picha za wakubwa wale nikiitafuta sufuria. Nilimwonyesha msichana kwenye ramani ya ukutani mji wetu ulipo, akaupima kwa vidole: vidole viwili. Tulikaa saa moja. Zaidi ya hapo mdogo angechoka, na njia ya vumbi haipendezi jua likishazama.

Jioni ni ya kazi, na ianze mapema. Nguo za kesho zitengwe, chupa ya maji ya moto ijazwe, karatasi zihesabiwe tena, watoto waoge kabla ya kula na si baada, maana baada ya kula wanalala mezani. Kuondoka kwetu tulikupanga saa kumi na moja na nusu, kwa sababu kazi za kupanua barabara ya Lusaka zilikuwa zinaendelea na kila mahali penye mchepuko pana foleni.

Wakati wa kulala mvulana alikwenda jikoni kumuaga rafiki yake, akamuuliza kwa Kiswahili atafika siku gani kwa papa. Mama akamjibu: "Mailo." Akarudi nalo chumbani, akataka kujua maana. Shemeji, aliyewahi kufanya kazi Chingola, alimwambia ni kesho. Kisha, kwa kuwa ni mtu asiyependa kuacha kitu nusu, akaongeza kwamba pia ni jana. Kwa Kibemba neno ni moja, na kitenzi ndicho kinachokuambia uko upande gani wa leo. Mvulana alikaa kitandani akifikiri. Aliuliza kama basi tumekwisha kufika.

Yaya alizima taa. Tuliwasikia wawili gizani, msichana akimfundisha ndugu yake kutunga sentensi zenye mailo, moja ya kwenda kwa papa na moja ya kutoka Lubumbashi, zote kwa Kiswahili, mpaka mmoja wao akakosa kujibu.